Nyota "ameachiliwa": kwa dhamana, au hana hatia?

Mhariri,

Kichwa cha habari kinasema nyota fulani wa filamu "ameachiliwa". Mtu aliyesimama kando ya meza ya magazeti pale Tom Mboya Street analisoma neno hilo moja, anapanda matatu, na akifika Umoja keshawaambia majirani kwamba kesi imekwisha na jamaa hakuwa na kosa. Kumbe mwigizaji amepewa dhamana tu, na kesi itatajwa tena mwezi ujao.

Kashfa ya mwanasiasa ikifika kortini, hupitia mikononi mwa mwandishi wa mahakama anayejua tofauti ya kesi kutajwa na kesi kusikizwa. Kashfa ya mwigizaji huenda moja kwa moja kwenye dawati la burudani, kwa kijana hodari wa filamu, muziki na mitindo, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha mambo ya korti. Habari yenyewe mara nyingi ni ya Marekani au India, imekuja kwa Kiingereza, na saa za kufunga ukurasa zimewadia. Vitenzi vitatu vya Kiswahili ndivyo vinavyomwangusha: kuachiliwa, kushtakiwa na kuhukumiwa. Vyote ni vitenzi sahihi. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinabeba maana mbili au zaidi, na kwa mtu aliyetajwa gazetini maana hizo zinatengana kama mbingu na ardhi.

Chukua kesi ambayo Waswahili wote tuliifuatilia, ya kifo cha Steven Kanumba, Dar es Salaam, tarehe 7 Aprili 2012. Mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael, tunayemjua kwa jina la Lulu, alikamatwa na mwanzoni akakabiliwa na shtaka la mauaji ya kukusudia, ambalo halina dhamana. Shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akatoka kwa dhamana. Vichwa vya habari: ameachiwa. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 2. Tarehe 12 Mei 2018 akatoka gerezani ili amalizie adhabu yake kwa kuhudumia jamii, yaani kifungo cha nje. Vichwa vya habari: ameachiwa. Ameachiwa mara mbili, na hakuna hata mara moja ambapo korti ilisema hana hatia. Ukimtaja kama muuaji wa kukusudia, umekosea. Ukisema kesi yake ilitupwa, umekosea vilevile. Hukumu yenyewe iko katikati, na ni sentensi moja tu inayohitajika kuieleza.

Kosa hilo hutokea pia kwa upande wa pili. Aryan Khan, mwana wa Shah Rukh Khan, alikamatwa tarehe 3 Oktoba 2021 baada ya maafisa wa kupambana na dawa za kulevya kuvamia meli ya starehe Mumbai. Yeye mwenyewe hakukutwa na dawa yoyote. Mahakama Kuu ya Bombay ilimpa dhamana tarehe 28 na akatoka siku mbili baadaye, huku umati na kamera vikiwa tele nje. Siku hiyo ndiyo iliyopewa picha kubwa. Lakini habari iliyomsafisha kijana ilikuja tarehe 27 Mei 2022, hati ya mashtaka ilipowasilishwa bila jina lake kwa sababu ushahidi haukutosha. Siku hiyo hapakuwa na umati wala machozi mlangoni, na kurasa nyingi za burudani zilimpa aya mbili, au hazikumpa kitu.

Ninachopendekeza ni hiki: neno "ameachiliwa" lisisimame peke yake katika habari ya korti. Iandikwe kwa dhamana, au amefutiwa mashtaka, au amepatikana hana hatia, au amemaliza kifungo, au anatumikia kifungo cha nje. Kama nafasi ya kichwa haitoshi, "apata dhamana" ni maneno mawili tu.

"Kushtakiwa" ni mtego mbaya zaidi, kwa kuwa Kiswahili chetu kinalitumia neno hilo kwa jirani anayekudai pesa na kwa serikali inayotaka kukufunga. Ndiyo maana kesi ya Johnny Depp na Amber Heard, waigizaji wa Hollywood waliowahi kuwa mume na mke, ilieleweka vibaya sana hapa kwetu. "Depp amshtaki Heard" ilisomwa na wengi kama kwamba Heard angeenda jela akishindwa. Hakuna aliyekuwa anaenda jela. Ilikuwa kesi ya madai, ya kudai fidia kwa kuharibiwa jina. Tarehe 1 Juni 2022 jopo la raia 7 huko Fairfax, Virginia, lilimpa Depp dola milioni 10 za fidia na milioni 5 za adhabu, hizi za pili zikapunguzwa hadi 350,000 kwa sababu sheria ya jimbo ina kikomo. Heard naye akapewa milioni 2 katika madai yake ya kujibu. Hapo huwezi kuandika "apatikana na hatia". Hatia ni ya jinai. Andika "aamriwa kulipa".

Kuna jambo jingine ndani ya kesi hiyo linalomhusu kila mhariri wa Nairobi, nami ningeomba lisomwe polepole. Tarehe 2 Novemba 2020, yaani kabla ya Virginia, Depp alikuwa ameshindwa London, katika kesi dhidi ya wachapishaji wa gazeti la The Sun waliomwita mpiga mke. Jaji aliamua kwamba maneno hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa kweli. Watu huuliza itakuwaje korti mbili zitofautiane. Mdaiwa hakuwa mmoja: London alikuwa mchapishaji wa gazeti, Virginia alikuwa Heard mwenyewe. London aliamua jaji peke yake, Virginia jopo la raia. Na mzigo wa ushahidi haukubebwa na upande uleule. Marekani, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1964 kuhusu maafisa wa umma, uliopanuliwa 1967 hadi kwa watu maarufu, mtu maarufu anayedai kukashifiwa lazima athibitishe kwamba mwandishi alijua anasema uongo au hakujali kabisa ukweli. Uingereza, gazeti ndilo linalothibitisha kwamba liliyoyaandika ni kweli.

Sheria yetu ya kashfa, yaani ya kuharibiana jina, Sura ya 36 ya sheria za Kenya, imekulia katika mila ya Uingereza. Kwa hiyo uvumi ulioandikwa bila woga kwenye tovuti ya Los Angeles, ukitafsiriwa na kuchapishwa Nairobi, umehama kutoka sheria moja hadi nyingine. Kusema "kulingana na tovuti fulani" hakusaidii, kwa maana anayerudia kashfa huhesabiwa kama aliyeitunga. Na mwigizaji wa hapa nyumbani ana miezi 12 ya kufungua kesi. Taarifa ya haki na sahihi ya yaliyosemwa mbele ya hakimu wa Kenya ina kinga. Porojo za "rafiki wa karibu" hazina kinga yoyote.

Kuhusu "kuhukumiwa", neno linalobeba kutiwa hatiani na kupewa adhabu kwa pamoja, nitakuwa mfupi. Harvey Weinstein, mtayarishaji wa filamu wa Hollywood, alipatikana na hatia ya makosa ya kingono New York tarehe 24 Februari 2020, akafungwa miaka 23 tarehe 11 Machi, na tarehe 25 Aprili 2024 mahakama ya rufaa ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaibatilisha hukumu hiyo na kuagiza kesi ianze upya. Wakati huohuo hukumu ya Los Angeles ya miaka 16 ilikuwa imebaki palepale, ndiyo sababu hakutoka gerezani. Mwandishi aliyeishia Machi 2020 ana habari nusu, na aliyeandika Aprili 2024 kwamba "Weinstein yu huru" alikuwa na uongo kamili.

Picha nazo zina maradhi yake. Uso wa mwigizaji wenye jeraha unaweza kuwa kazi ya mpambaji wa filamu, na sare za mahabusu zinaweza kuwa za onyesho. Kabla ya kuitumia picha, iingize kwenye utafutaji wa picha wa mtandaoni, shuka hadi matokeo ya zamani kabisa, kisha linganisha tarehe hiyo na tarehe ya tukio linalodaiwa. Kama picha ilikuwepo kabla ya tukio, basi si ya tukio hilo. Ni kazi ya dakika tano. Tarehe huangusha uongo mwingi. Mwaka 1957, katika kesi ya jarida la umbea la Confidential huko Los Angeles, mwigizaji Maureen O'Hara alijibu kisa kilichodai kwamba alifanya mambo ya aibu na mwanamume ndani ya ukumbi wa sinema. Pasipoti yake ilionyesha kwamba wakati unaotajwa alikuwa Uhispania. Yeyote katika jarida lile angeweza kuuliza swali moja kabla ya kuchapa: wakati huo alikuwa wapi?

Sisemi kashfa zifichwe. Studio za Hollywood zilikuwa mabingwa wa kuficha; mwigizaji Loretta Young alipojifungua binti wa mwigizaji mwenzake Clark Gable mwaka 1935, mtoto aliletwa mbele ya umma kama wa kulea. Na miaka ya kimya kuhusu Weinstein iliwaumiza wanawake wengi. Lakini tazama waandishi wa New York Times walivyokivunja kimya hicho tarehe 5 Oktoba 2017: walikuwa na nyaraka, walikuwa na wanawake waliokubali kutajwa kwa majina, walikuwa wamehesabu angalau maafikiano 8 ya fedha, na walimpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu kabla ya kuchapa. Habari ya namna hiyo inastahimili kishindo cha mawakili.

Kisha kuna kufuata kesi hadi mwisho, na hapa naomba gazeti liweke utaratibu. Kila kesi ya nyota ifunguliwe kadi moja kwenye dawati: korti, namba ya kesi, shtaka kwa maneno yake kamili, alichojibu mshtakiwa, dhamana, tarehe ijayo, uamuzi, rufaa. Mwandishi akihama, kadi inabaki. Tarehe ijayo iingizwe kwenye shajara ya habari kama vile tarehe ya mechi.

Roscoe Arbuckle hakuwa na wa kumfungulia kadi. Septemba 1921 mchekeshaji huyo wa filamu za Hollywood aliandaa karamu katika hoteli ya St. Francis, San Francisco. Mwigizaji Virginia Rappe akaugua humo na kufariki tarehe 9 kwa kibofu kilichopasuka, na Arbuckle akashtakiwa kwa kifo hicho. Magazeti ya tajiri William Randolph Hearst yalimhukumu Arbuckle kabla korti haijakaa. Kesi ilisikizwa mara 3. Mara mbili jopo halikuafikiana. Mara ya tatu, tarehe 12 Aprili 1922, jopo lilitoka baada ya dakika chache tu, likamtoa bila hatia na kusoma taarifa iliyoandikwa, kwamba kumtoa bila hatia pekee hakutoshi, mtu huyu ametendewa dhuluma kubwa. Siku 6 baadaye Will Hays, mkuu wa chama cha watayarishaji wa filamu, alimpiga marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Desemba, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Aliongoza filamu kwa jina la William Goodrich, akafa 1933. Leo wengi wanaolijua jina lake wanaijua karamu. Taarifa ya jopo hawajawahi kuisikia.

Pa kuanzia ni kumbukumbu za tovuti ya gazeti. Tafuta "ameachiliwa", "ashtakiwa" na "ahukumiwa" katika habari za burudani za miaka mitano iliyopita. Kila iliyoishia njiani iwekewe mstari mmoja juu kabisa, wenye tarehe, unaosema kesi iliishaje. Kwa kesi za hapa, hukumu nyingi ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law; zile za mahakimu wa Milimani zitahitaji mtu wa kwenda na namba ya kesi hadi kwenye masjala.

Msomaji wako,
Eastleigh, Nairobi