Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Waondoe watu wa mashine makaburini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Hii ni barua yangu ya nne kwako. Tatu za kwanza zilipokelewa na kugongwa muhuri, nakala ninazo. Hii ya nne naiandika hadharani kwa sababu Jumanne asubuhi, kwenye makaburi ya zamani, nilikuta vijana wameshika mashine ya maji ya presha na brashi za waya, wakisugua mawe ya safu ya nne. Walikuwa wameyamwagia na dawa ya klorini. Yaling'aa, sikatai. Ila chini yake maji yalitiririka na unga mweupe kama sukari, na unga ule ndio yalikuwa maandishi.

Katika safu hiyo kuna jiwe dogo la marumaru la ndugu watatu waliofariki ndani ya mwezi mmoja. Mdogo wao alikuwa na miezi minane. Nadhani ni ugonjwa wa mlipuko, na nilikuwa nikilinganisha tarehe zao na za makaburi ya jirani, maana vifo vya watoto vikirundikana pamoja, mawe husimulia hata pale daftari la mazishi lilipopotea. Leo jina la mtoto mmoja halisomeki. Nimepapasa kwa kidole, pako laini.

Marumaru ya zamani si kama vigae vya sakafuni, Mheshimiwa. Moshi wa viwanda na magari ukichanganyika na mvua huugeuza uso wake kuwa jasi, madini laini, chembe zikalegea. Ukizipiga kwa maji ya presha unazing'oa. Klorini nayo huacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi ikikauka humo hulibandua tabaka kwa tabaka. Jiwe imara husafishwa kwa maji matupu, brashi laini na subira. Jiwe linalomeguka huachwa. Hata saruji waliyounganishia mawe mawili yaliyovunjika itayaumiza, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na inafungia unyevu ndani. Ndiyo maana mafundi wa mawe hutumia chokaa.

Nahisi mkandarasi analipwa kwa idadi ya mawe, maana vijana walikuwa wakikimbizana na jua. Siwalaumu wao. Nakulaumu wewe, kwa heshima zote, kwa sababu mwaka juzi ulisimama mbele ya wakazi, palepale safu ya nne, ukaahidi kwamba hakuna jiwe litakaloguswa kabla ya kupigwa picha na kuorodheshwa. Baadaye ulinishika mkono ukaniambia niendelee na kazi yangu ya kunakili maandishi ya mawe.

Nimeendelea. Miaka sita, kila Jumamosi, kwa fedha yangu, napiga magoti na kioo mkononi, nikielekeza mwanga wa jua upite ubavuni mwa jiwe ili herufi zilizochakaa zitoe kivuli na kusomeka. Magoti hayanyooki tena vizuri. Daftari saba zimejaa, na safu ya nne nilikuwa katikati yake.

Kule Marekani, miaka ya 1960, wanaakiolojia James Deetz na Edwin Dethlefsen walihesabu nakshi za mawe ya makaburi ya New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo: mafuvu yenye mabawa, kisha nyuso za malaika, kisha mtungi na mti. Wakaonyesha jinsi fikra za watu kuhusu kifo zilivyogeuka kizazi hadi kizazi. Waliweza kwa sababu kila jiwe lilikuwa na tarehe yake. Wangehesabu nini kwenye mawe yaliyosuguliwa?

Mheshimiwa, waondoe watu wa mashine. Mambo ya bajeti, kamati na wataalamu tutayazungumza baadaye, nitakuja siku yoyote utakayotaka na daftari zangu zote. Kwanza waondoe. Nimeambiwa Jumatatu wanaanza safu ya tano. Ina mawe 41, na 19 kati yake sijayasoma bado. Simu yako moja inatosha. Naomba uipige kabla ya Jumatatu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa barua tatu zisizojibiwa