Naomba ile deki

Moshi, Jumapili jioni

Elinami ndugu yangu,

Habari za Arusha na baridi yenu? Huku joto limeshaanza, wote wazima, mama anauliza kila siku kama umeoa. Nimemwambia Desemba atakuuliza mwenyewe.

Nakuandikia nina shida. Ile deki ya kanda za video ya marehemu Babu Temba, ile nyeusi nzito aliyokuwa akihariria harusi za watu, bado iko kwako Sakina? Usiiuze. Na usimruhusu fundi yeyote achomoe vipuri. Naihitaji kabla watu hawajaanza kupanda huku kwa ajili ya Krismasi.

Tumefungua sanduku la baba. Kanda zimo zote: kipaimara cha Flora, harusi ya anti Rose (na wewe umo, unamkimbiza mpiga picha), na ile ya bibi anaimba Kichaga huku anakoroga mbege. Hiyo ya bibi ndiyo inayoninyima usingizi. Sauti yake haipo kwingine popote.

Flora, unamjua kwa haraka zake, akapeleka ya harusi kwenye duka moja la mjini waihamishie kwenye diski. Diski tumerudishiwa, lakini wee! Saa tatu nzima wamezibana kwenye DVD moja ya GB 4.7, mtu akitikisika tu picha inakatika vipande vya miraba. Halafu wameivuta ijae kwenye skrini pana, anti Rose kawa mnene kuliko gari la maharusi. Katikati ya viapo, namba ya simu ya duka inapita chini. Mama kacheka, mimi nimekasirika mpaka leo.

Ndiyo maana nang'ang'ania deki ya Babu. Ile ni S-VHS, yaani VHS ya daraja la juu, nyuma ina tundu la S-Video, lile la duara lenye vitobo vinne. Waya wa kawaida wa njano unaleta mwanga na rangi vikiwa vimechanganyika, mashine ya kunasa picha kwenye kompyuta ianze kubahatisha kuvitenganisha. S-Video inavileta kila kimoja peke yake, kingo hazichafuki. Na dukani utapata wapi nyingine? Funai wa Japani, waliobaki mwisho kabisa, waliacha kutengeneza deki mwaka 2016.

Mpango wangu: kunasa kwa nukta 720 kwa 576 bila kubana, nihifadhi mafaili kwenye hadidiski mbili, moja ikae kwa Flora. Kutoka hapo ndipo nichome diski, saa moja kila diski, kwa ajili ya wazee tu. Diski za kuchoma nazo rangi yake hufifia, siziamini peke yake.

Nitaanza na ya harusi. Ya bibi ina ukungu mweupe pembeni mwa mkanda, haiingii kwenye deki yoyote mpaka isafishwe, maana ukungu ukihamia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, umeharibu na kanda nyingine zote. Flora anasema tuijaribu "kidogo tu". Nimeificha.

Sasa nijibu haya. Deki inawaka? Mbele pana kitufe kimeandikwa TBC, si ile televisheni, ni cha kutuliza picha inayoyumba? Kama kipo, nguzo za kanisa zitaacha kuyumba. Inasoma NTSC, ule mfumo wa video wa Marekani, pia? Ile kanda ya mjomba ilirekodiwa Marekani, mistari 525, na sisi huku ni PAL ya 625. Rimoti ipo, au watoto wa Mama Glory walishaimaliza? Yule kijana wa Kaloleni anayejua hedi bado yupo? Akiisafisha, atumie spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, akishike kikiwa kimetulia na ngoma yenye hedi ndiyo izunguke. Asisugue juu chini, na pamba za masikio aweke mbali.

Unakuja lini? Ukija nayo mwenyewe nitashukuru, kwenye buti la basi hapana. Nauli yake nalipa mimi, ikatie siti. Na kabla hujaifunga, angalia kama kuna kanda imebaki ndani.

Wako,
Joachim