Mkulima alipwe kabla ya kupanda: wito wa harambee ya vikapu vya mboga chuoni

Wazazi wetu, walimu wetu, kaka na dada mliohitimu, na wanafunzi wenzetu,

Kila Alhamisi saa 10 jioni, nyuma ya bwalo la chakula, tunakuwa tumeshapanga meza mbili na kutundika mzani mmoja. Makreti yanatoka mashamba yaliyo karibu na chuo, na karoti zinafika zikiwa bado na udongo wa asubuhi ileile. Mmoja wetu anasoma majina kwenye daftari, wa pili anapima, wa tatu anapakia. Kila kikapu kina kilo 3. Hatukuipata kilo 3 kwa kubahatisha: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi na mihogo, na kwa siku 7 hiyo ni kilo 2.8. Kilichozidi ni maganda na vikonyo vinavyobaki jikoni.

Mpango huu unaendeshwa na wanafunzi wenyewe, tangu kuandika majina hadi kupakua mizigo. Mimi ni mratibu wake mwaka huu. Tunakuja kwenu kwa sababu kuna jambo moja ambalo nguvu za wanafunzi peke yake haziliwezi, nalo ni kumlipa mkulima kwa wakati.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mwanachama analipia fungu lake la msimu mzima, mkulima anapata fedha za mbegu, samadi na vibarua, kisha mavuno yanagawanywa kila wiki. Yakiwa mengi tunagawana mengi. Mvua ya mawe ikipiga tunagawana kilichobaki, na hakuna anayemdai mkulima fidia. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu ya uanachama, na wanachama wetu wameliheshimu hilo.

Shida ni kwamba kalenda ya shamba na kalenda ya chuo hazisomani. Mboga za majani zinataka wiki 4 hadi 6 tangu kusiwa mpaka kuvunwa. Karoti na kabichi zinakaribia miezi 3. Ili meza ijae wiki ya pili ya muhula, mbegu lazima ziwe ardhini wakati mabweni ni matupu, na wakati huo hakuna mwanafunzi mwenye hela ya kulipia kikapu. Ada za uanachama zinaingia muhula ukishaanza, nyingine zinachelewa mpaka katikati. Kwa hiyo kila msimu tumekuwa tukimwomba mkulima apande kwa mali kauli.

Mwisho wa muhula uliopita, mama mmoja kati ya wakulima wetu wanne alinifungulia daftari lake. Kila kitu kimo, kwa penseli: mbegu, samadi, siku za vibarua wa palizi. Hayo ni upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna tarehe alizopokea fedha zetu. Kati ya tarehe ya kwanza ya kushoto na tarehe ya kwanza ya kulia zilikuwa zimepita wiki 9. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama msimu ujao apande matuta yote au apunguze nusu. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na sina mpaka leo.

Tunachoomba, basi, ni mfuko wa kuzunguka. Mfuko unawalipa wakulima kabla ya kupanda. Muhula ukianza, ada za wanachama zinaurudishia. Fedha zinakaa zikisubiri msimu unaofuata. Mchango wako hauliwi kwa msimu mmoja ukaisha. Tumepiga hesabu pamoja na wakulima na tukaona kwamba mfuko unaoweza kubeba gharama za vikapu 60 kwa nusu ya muhula unatosha. Ukifika hapo hatutarudi kuwaomba tena kwa ajili ya jambo hili.

Wazo la kulipia mavuno mapema si letu, na wengine walilijaribu zamani wakafanikiwa. Booker T. Whatley, profesa wa kilimo wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, Marekani, aliwafundisha wakulima wadogo Weusi kuunda klabu za wateja wanaolipa ada ya uanachama kisha wanakuja shambani kuvuna wenyewe. Mwaka 1986 mashamba mawili ya Marekani, Indian Line huko Massachusetts na Temple-Wilton huko New Hampshire, yalianza kugawana gharama za msimu na familia zinazokula mavuno yake. Ufaransa ilifuata mwaka 2001 kwa vyama vinavyoitwa AMAP, ambavyo mwanachama wake hutia saini mkataba wa msimu na mkulima. Watu hawa wanatofautiana kwa mengi, lakini kwa wote fedha ilitangulia. Sisi tumekuwa tukijaribu kuujenga mpango uleule kwa kuanzia mwisho, huku mzigo akiubeba mama mwenye daftari.

Nisiwasahau Wajapani, maana kwao ndiko tulikopata somo lililotusaidia zaidi. Huko, katika miaka ya 1970, walaji waliohofia dawa za kuulia wadudu walianza kuagiza chakula moja kwa moja kwa wakulima, na utaratibu huo unaitwa teikei. Chama cha Kilimo Hai cha Japani, kilichoanzishwa 1971, kiliuwekea kanuni 10 mwaka 1978. Moja inasema walaji wapokee mazao yote yaliyokubaliwa kuzalishwa. Nyingine inasema kikundi kisikue kupita kiasi kinachofaa. Tulipokuwa na wanachama wachache tulitamani sana kufika mia. Baada ya kusoma kanuni ile tuliweka kikomo cha 60, na mimi binafsi naamini uamuzi huo ndio ulioufanya mpango uendelee kuishi, kwa sababu mtu 60 mnaweza kufahamiana kwa majina, na aliyekosa wiki mbili anaulizwa.

Yuko aliyekosa na hatukumuuliza mapema. Dada mmoja wa mwaka wa pili alijitoa wiki ya tano akisema mboga zimemchosha. Tulimwamini. Ilikuwa karibu na mitihani tulipojua kwamba alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku, na kwamba alijitoa kwa kuona haya baada ya kushindwa kumalizia ada. Sehemu ya pili ya ombi letu inatokana na yeye. Tunataka kila vikapu 6 vinavyolipiwa vibebe kimoja kisicholipiwa, kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hana. Kinapimwa kwa mzani uleule, kinapakiwa vilevile, kinachukuliwa kwenye foleni ileile. Mweka hazina na mwalimu mlezi tu ndio wanaojua ni cha nani.

Kwenye kamati tulibishana kama anayepata kikapu hicho afanye kazi ya kupakua makreti kama malipo. Waliotaka hivyo walikuwa na hoja, kwamba mtu hupenda kutoa kitu badala ya alichopewa. Lakini mwenye hela halazimishwi kupakua, na tungemlazimisha asiye nacho, jioni ya pili tu kila mtu angejua ni nani na nani. Tulikataa. Kazi ya mezani itabaki ya kujitolea kwa wote.

Ombi la tatu ni la matofali na mchanga, na hapa lazima nieleze tulipokosea, kwa sababu mtoaji ana haki ya kujua.

Muhula wetu wa kwanza, wiki ya tatu, makreti yalifika saa 6 mchana na sisi sote tukiwa darasani. Yaliwekwa kivulini kando ya ukuta. Kivuli kikahama. Tulipofika saa 10 majani yalikuwa yamelala juu ya kreti kama vitambaa vilivyololowa, na yale yaliyochanganywa na nyanya mbivu tangu jana yake yalikuwa yameanza umanjano. Mwenzetu anayesoma kilimo ndiye aliyetufafanulia. Jani lililovunwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua na kupoteza maji, na joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya kupumua inaongezeka mara 2 au 3. Nyanya mbivu nayo hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyazeesha majani yaliyo jirani. Siku ile tuligawa vikapu vyepesi, tukaomba radhi kwa kila mmoja aliyekuja, na mkulima tukamlipa mzigo wote kwa sababu kosa halikuwa lake.

Tangu hapo nyanya zina kreti zake, viazi vinafunikwa visipigwe na mwanga vikageuka kijani, na mboga za majani zinavunwa alfajiri kabla joto la mchana halijaziingia. Bado tuna saa 4 za mchana ambazo hatuna pa kuuweka mzigo. Jokofu kubwa lingetusaidia, ila umeme wake na matengenezo yake vingetushinda ndani ya mwaka mmoja. Tunachopendekeza ni kijumba kilichobuniwa na watafiti wa kilimo wa India: kuta mbili za matofali, nafasi katikati yake ikajazwa mchanga, na mchanga huo unamwagiwa maji asubuhi na jioni. Maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto, na ndani panabaki na ubaridi na unyevu ambao majani yanaupenda. Hewa ikiwa nyevu sana hakifanyi kazi vizuri, hilo tunalijua, na siku kama hizo tutaendelea kufunika makreti kwa magunia mabichi. Kwa siku nyingine zote kitatutosha. Hakina mota, na fundi yeyote wa ujenzi atakimaliza kwa siku mbili. Uongozi wa chuo umeshatuonyesha mahali, chini ya mti, hatua chache kutoka kwenye bomba.

Kuhusu usalama wa fedha zenu. Akaunti ina saini 3, moja ni ya mwalimu mlezi, na hakuna fedha inayotoka bila mbili kati yake. Mapato na matumizi yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula, pamoja na nakala za risiti za wakulima. Jambo linalotutia hofu zaidi kuliko wizi ni kuhitimu. Kamati ya kabla yetu ilikuwa na watu waadilifu kabisa, lakini orodha ya wanachama ilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja; alipomaliza chuo simu ikaharibika, nasi tukaanza upya kutafuta mwanachama mmoja mmoja bweni kwa bweni. Sasa kila mwenye cheo ana mwenzake wa mwaka wa chini anayejifunza kazi hiyo, na daftari linabaki ofisi ya mlezi. Ikitokea siku mpango ukafa, fedha itakayokuwepo italipa kwanza madeni ya wakulima, na itakayobaki itakwenda kwenye mfuko wa chakula wa wanafunzi wasio na uwezo. Tumeliandika hilo kwenye katiba yetu ili kamati yoyote isije ikaamua vinginevyo.

Walimu na wafanyakazi wa chuo, kwenu tuna neno la pekee. Wanafunzi wakienda likizo kabichi haziendi likizo. Mkulima anabaki na matuta yaliyokomaa na hakuna wa kumfuata. Ninyi mnabaki. Familia 20 zikikubali kuchukua vikapu wakati wa mapumziko marefu, mkulima atakuwa na soko mwaka mzima, na hilo kwetu lina thamani sawa na mchango wa fedha.

Mliohitimu, ambao zamani mliwahi kumaliza wiki kwa chai na mkate, mnaweza kulipia kikapu kimoja cha msimu kwa mwanafunzi msiyemjua. Wazazi, kama una matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, makreti, mzani wa ziada, au gari linaloweza kubeba mzigo Alhamisi moja kwa mwezi, tuambie. Atakayependa kuahidi sasa na kutimiza baadaye, daftari la ahadi liko kwa mwalimu mlezi. Hakuna kima cha chini. Kila mtoaji atapata risiti, hata aliyetoa tofali moja.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya muhula huu, nyuma ya bwalo, palepale tunapogawia. Wakulima wote wanne wamekubali kuja, na mtaweza kuwauliza chochote. Jumatatu yake asubuhi tutakwenda mashambani na fedha itakayokuwa imepatikana, kwa sababu matuta yameshalimwa, na yule mama bado anasubiri tumwambie apande yote au nusu.

Wenu,
Mratibu, kwa niaba ya kamati na wanachama wa vikapu vya mboga