Kanisa lile la 1893 halikuzaliwa na ugomvi wa vyeo

Mhariri,

Hapa Dodoma tumezoea makanisa yenye maaskofu, kwa hiyo tukisikia kundi dogo la Wapresbiteri, Waprotestanti wanaoongozwa na mabaraza ya wachungaji na wazee badala ya maaskofu, limejitenga, jibu huwa tayari mdomoni: wamegombania fedha au uongozi. Kwa Free Presbyterian Church of Scotland, kanisa lenye misheni Ingwenya nchini Zimbabwe tangu 1904 na nyingine Sengera, Ukisii, nchini Kenya, jibu hilo si kweli. Tunaomba nafasi tulisahihishe.

Chanzo ni kiapo. Katika Free Church of Scotland, kanisa walilotoka, mchungaji au mzee alikubali kwa sahihi Ungamo la Imani la Westminster, tamko la mafundisho ya Wapresbiteri, sura zote 33, kuwa imani yake mwenyewe. Mwaka 1892 Mkutano Mkuu, baraza la juu la kanisa hilo, ulipitisha sheria ya ufafanuzi. Haikufuta hata neno moja la Ungamo, na hapo ndipo penye hatari yake. Iliruhusu maoni tofauti katika mambo yasiyo kiini cha imani, kisha ikaliachia kanisa lenyewe liamue, jambo likizuka, kiini ni kipi. Mtu angetia sahihi leo, kesho wingi wa kura ukabadili maana ya alichokiapia.

Utaratibu ulifuatwa: rasimu ilishushwa kwanza kwenye presbiteri, yaani mabaraza ya wachungaji na wazee ya kila eneo, na nyingi zikaikubali. Ndiyo maana kubaki ndani huku ukinung'unika hakukutosha. Sheria ilishaingia katika katiba. Mei 1893 Mkutano Mkuu ulipokataa kuifuta, mchungaji Donald Macfarlane alitoa pingamizi lake akatoka. Donald Macdonald wa Shieldaig akaungana naye. Waumini wengi waliwafuata, majengo wakayaacha. Mwaka huohuo wachungaji hao wawili na mzee mmoja, Alexander Macfarlane, wakaunda presbiteri. Hawakuwa na hiari: kwa Wapresbiteri kuweka wakfu ni kazi ya presbiteri, si ya mchungaji mmoja, na wanafunzi wa uchungaji waliotoka nao walihitaji wa kuwawekea mikono.

Ibada yao haina kinanda wala kwaya. Huimba zaburi tu, mmoja akianzisha; wakiimba huketi, wakiomba husimama. Watoto wa waumini hubatizwa. Krismasi na Pasaka hawaziadhimishi, kwa kuwa hawaoni amri yake katika Maandiko.

Meza ya Bwana huchukua siku tano. Alhamisi ni ya kujinyenyekeza. Ijumaa wanaume washiriki hueleza, mmoja baada ya mwingine, alama za mtu aliyeokoka kweli. Jumamosi ni maandalizi, na ibada ikiisha wazee hugawa vibao vidogo vya madini kwa waliokubaliwa. Jumapili kila mshiriki hurudisha kibao chake mezani. Jumatatu ni shukrani. Anayeamua nani apewe kibao ni baraza la wazee, wala si mchungaji peke yake. Asiyeridhika na uamuzi wa baraza hukata rufaa presbiteri, kisha Sinodi, baraza la juu kabisa la kanisa hilo.

Ukali huo una gharama yake. Lord Mackay, mzee wa kanisa hilo na mwanasheria mkubwa wa Uingereza, alisimamishwa kwa kuhudhuria misa za mazishi za wenzake Wakatoliki. Sinodi iliposhikilia adhabu hiyo mwaka 1989, wengine walijitenga wakaunda Associated Presbyterian Churches.

Tunawaomba waandishi wako: kabla ya kuandika kwamba kanisa limegawanyika kwa sababu ya vyeo, waombe nakala ya kiapo cha wachungaji wake, waulize pia nani mwenye mamlaka ya kukitafsiri.

Wasomaji wako,
Area C, Dodoma