Betri huzeeka hata ikilala kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba betri za simu zimetegeshwa zife mapema ili tununue nyingine. Mimi ni fundi simu, na hasira yake naijua, maana wateja huja nayo mezani kwangu. Lakini wabaya wakubwa wa betri, yaani joto na muda, yeye hakuwataja kabisa.

Betri ya lithiamu-ayoni ikichajiwa, ayoni za lithiamu, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, hutoka upande chanya na kwenda kujipenyeza kati ya tabaka za grafiti, kaboni kama ile ya penseli, upande hasi. Simu ikitumika, zinarudi zilikotoka. Tatizo ni kwamba grafiti iliyojaa lithiamu haielewani na elektroliti, ule umajimaji unaozipitisha. Tangu chaji ya kwanza kiwandani, elektroliti huvunjika kidogo na kuacha utando juu ya grafiti, unene wake wa kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita. Utando huo ndio kinga ya betri. Ila kadiri unavyonenepa, ndivyo unavyofungia lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Nao hunenepa hata simu ikiwa imezimwa, hasa ikiachwa imejaa chaji mahali pa joto. Ndiyo sababu mtu huniletea simu aliyoitunza kabatini kwa miaka, haijatumika, na betri haikai na chaji. Wengine huchaji simu usiku kucha chini ya mto. Hizo nikizifungua, nakuta kifuko cha betri kimejaa gesi ya elektroliti iliyovunjika, kimevimba mpaka kioo kimeachia gundi.

Watafiti nao wana hesabu tamu. Jeff Dahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, waliunda vifaa vya kupima kwa usahihi mkubwa mno chaji inayoingia na inayotoka. Usahihi wote huo wa nini? Tuseme kila mzunguko, yaani kujaza betri na kuitumia hadi iishe, unabakiza asilimia 99.9 ya lithiamu inayofanya kazi. Inasikika vizuri, sivyo? Baada ya mizunguko 1,000 imebaki kama asilimia 37. Ifikishe 99.99, inabaki kama 90. Kipimo cha kawaida hakizitofautishi hizo mbili mwanzoni. Chao kinazitofautisha mapema, kwa hiyo elektroliti mpya inaweza kupimwa bila kungoja miaka betri ife.

Zipo sababu nyingine: chembe za upande chanya hupasuka, na kuchaji haraka kwenye baridi kali huacha lithiamu ikiganda juu ya grafiti badala ya kuingia ndani.

Mahali pamoja msomaji wako ana haki. Kiwanda kikipandisha volti za kuchajia ili tangazo liseme chaji inakaa zaidi, betri huzeeka upesi, na hilo ni chaguo la kibiashara. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka betri ya simu mpya ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Kwa hiyo, Mhariri, mnapochambua simu mpya punguzeni habari za kamera, mtuandikie betri inafika mizunguko mingapi kabla ya kushuka chini ya 80, na ilipimwa kwenye joto la nyuzi ngapi.

Fundi simu