Umefuta, Vimerudi: Vidakuzi na Programu za Kijasusi Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Malalamiko yanayofika kwenye meza yetu ya ufundi yanafanana sana. Mteja kafuta historia yote ya kivinjari, kaendesha antivairasi, ikamwonyesha orodha ndefu ya vidakuzi vya ufuatiliaji kwa maandishi mekundu, kabonyeza kuondoa, akalala akijua mambo yamekwisha. Kesho yake orodha ni ile ile. Au matangazo ya kamari yamejaa kila ukurasa. Au kivinjari kikifunguliwa kinakwenda kwenye injini ya kutafuta ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeichagua. Ndipo swali linakuja: hivi hii mashine ina nini?

Tukianza kumjibu, kwanza tunatenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na hata baadhi ya antivairasi huyachanganya. Kidakuzi ni kitu kimoja, programu ya kijasusi, ile inayojificha ndani ya mashine na kuchukua taarifa zako, ni kitu kingine, na dawa zake hazifanani.

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti inakiachia kivinjari chako, nacho kinayaonyesha kila unaporudi kwenye tovuti hiyo. Hakijiendeshi, hakisomi mafaili yako, hakiwashi kamera. Kichukulie kama kile kibati cha namba unachopewa supamaketi ukiacha begi mlangoni: chenyewe hakifanyi lolote, ila ukikitoa, mhudumu anajua begi lako ni lipi. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, ndiye aliyekibuni mwaka 1994, wakati maduka ya mtandaoni yalipohitaji kukumbuka mteja kaweka nini kwenye kapu lake. Bila vidakuzi, ungeingiza nywila ya barua pepe upya kila unapofungua ukurasa.

Shida ilianza pale kampuni za matangazo zilipoweka vipande vyao ndani ya tovuti za watu wengine. Unasoma gazeti, tangazo la pembeni linakupa kibati. Unahamia tovuti ya mapishi, kampuni ile ile ipo, inakisoma kibati kile kile. Kwa mwendo huo inajua umesoma nini, umetafuta dawa gani, unawaza kununua nini. Na ukivifuta vinarudi kwa sababu rahisi: umerudi kwenye tovuti zile zile, na kila moja inakupa kipya. Kufuta kila jioni ni kazi isiyoisha. Kinachotakiwa ni kivinjari kukataa kupokea.

Safari, kivinjari cha Apple, inavikataa vidakuzi vya washirika wengine, yaani vile visivyotoka kwenye tovuti uliyoifungua, tangu 2020. Firefox tangu 2022 inavitenga, kila tovuti na vyake, bila wewe kugusa chochote. Chrome, ambayo ndiyo tunayoikuta kwenye kompyuta nyingi tunazozipokea, haifanyi hivyo yenyewe. Google walitangaza mwaka 2020 kwamba wataviondoa, wakaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 wakaachana na mpango huo. Kwa hiyo ni juu yako. Andika chrome://settings/cookies pale pa kuandikia anwani, chagua kuzuia vidakuzi vya washirika wengine, umemaliza. Kisha weka kizuizi cha matangazo: uBlock Origin kwa Firefox, uBlock Origin Lite kwa Chrome. Anayenunua bando ataona tofauti mapema, maana video za matangazo zinakula data yake bila ya yeye kuziomba.

Kuna wakati vidakuzi vya kujifufua vilikuwa tishio la kweli. Mwaka 2010 Samy Kamkar alitoa kitu alichokiita Evercookie kuonyesha jambo hilo linavyowezekana: kilijificha sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ikiwemo hifadhi ya Flash, ile programu ya zamani ya kuchezeshea video na michezo kwenye kivinjari; ukikifuta sehemu moja, sehemu nyingine inakirudisha. Flash ilifikia mwisho wake Desemba 2020, na vivinjari vya leo vimeziba njia nyingi za aina hiyo. Ndiyo maana mteja akituambia kidakuzi chake hakifutiki, hatupotezi muda na kidakuzi. Tunatafuta kinachokirudisha.

Mara nyingi tunaanzia kwenye arifa. Huenda umekiona kidirisha kidogo kinachochomoza kona ya chini kulia, kina nembo ya antivairasi maarufu, kinasema kompyuta yako imeshambuliwa, bonyeza hapa haraka. Mama mmoja alituletea laptopu yenye vidirisha hivyo akiwa amekwishaanza kununua hiyo "kinga". "Mwanangu, namba za kadi nimeshaweka, bado kubonyeza tu," alisema, na kidole chake kikaenda kwenye kitufe ili atuonyeshe. Tulimwomba kwanza asome mstari mdogo wa kijivu ndani ya kidirisha, ule ambao hakuna anayeusoma. Uliandikwa Google Chrome, na mbele yake anwani ya tovuti ya kuangalia mpira bure. Hakukuwa na virusi hapo. Kuna siku mtu nyumbani alitafuta mechi, ukurasa ukamwambia abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba yeye si roboti, akabonyeza, na kuanzia hapo tovuti ile ikapata haki ya kumtumia ujumbe muda wowote. Fungua chrome://settings/content/notifications, ondoa kila tovuti usiyoijua. Hiyo kazi hatumtozi mtu.

Baada ya arifa tunakwenda kwenye viendelezi, zile programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari, ambazo orodha yake iko chrome://extensions. Cha kupakua video, cha kubadilisha PDF, cha kutafuta bei nafuu: kila kimoja huenda umekipa ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, hata ule wa benki. Usidhani jina kubwa linatosha. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya antivairasi ya Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake zilikusanywa kupitia viendelezi na antivairasi yenyewe, kisha zikauzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Watu walikuwa wameiweka ili iwalinde. Ushauri wetu ni kubaki na viendelezi viwili au vitatu unavyovijua kazi yake. Vingine vyote ondoa.

Ukikuta kiendelezi kisichokubali kuondoka, na Chrome inakuambia kivinjari chako kinasimamiwa na shirika, simama hapo. Kompyuta ya nyumbani haina shirika. Andika chrome://policy uone ni amri zipi zimewekwa. Zipo antivairasi halali zinazoacha amri kama hizo, na laptopu za mtumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya au Dubai nazo huja na mabaki ya waliozitumia. Ila amri inayolazimisha kiendelezi kimoja usichokijua kijiweke upya kila ukikifuta, hiyo imeletwa na programu iliyojificha ndani ya Windows, na utahangaika na kivinjari bure mpaka hiyo itoke.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: usawazishaji. Umesafisha kompyuta vizuri kabisa, umeingia kwenye akaunti yako ya Google, na ndani ya dakika chache kiendelezi kibaya kimeshuka tena kutoka kwenye akaunti, maana kilihifadhiwa huko pamoja na alamisho zako. Zima usawazishaji kabla ya kusafisha, safisha kila kompyuta inayotumia akaunti hiyo, ndipo uuwashe.

Sasa tuje kwenye programu za kijasusi zenyewe. Kwa tunayoyaona sisi, mlango wake mkuu ni Windows ya kukreki na programu za kukreki, yaani zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila leseni. Angalia maelekezo yanayokuja nazo: mstari wa kwanza unakutaka uzime antivairasi. Mtu anazima ulinzi kwa mkono wake, kisha anampa mgeni asiyemjua ruhusa zote za mashine. Desemba 2021 watafiti wa Red Canary walieleza jinsi KMSpico, ile zana ya kuaktiveti Windows inayozunguka sana mitaani, ilivyokuwa ikisambazwa ikiwa imebeba Cryptbot, programu inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mlango wa pili ni fleshi zinazotoka kuchapishiwa kazi stationery. Folda zote zimegeuka kuwa shortcut, unabonyeza ile yenye jina la kazi yako, inafunguka kama kawaida, na nyuma yake kitu kingine kimeanza kukimbia.

Zile zinazoiba nywila ndizo zinazotusumbua kuliko zote, na hapa ndipo kidakuzi na ujasusi vinapokutana. Mei 2025 Microsoft, pamoja na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa, walivunja mtandao wa programu iitwayo Lumma. Ndani ya miezi miwili tu kabla ya hapo walikuwa wameikuta kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani. Programu za aina hii zikiingia hazioneshi tangazo wala hazipunguzi kasi. Zinachukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, zinachukua na vidakuzi vya kuingilia, vile vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia kwenye akaunti, zinatuma, zimemaliza. Mwenye vidakuzi hivyo ni sawa na aliyeokota kibati chako pale supamaketi: anakabidhiwa begi na hakuna anayemuuliza jina. Ndiyo sababu mtu anaporwa akaunti ya Facebook au barua pepe wakati namba ya siri ya SMS ameiwasha na simu haijatoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo mpangilio wa kusafisha una maana kubwa. Anza kwa kuchomoa intaneti. Nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje, lakini usinakili faili lolote la kusakinishia programu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, panga programu kwa tarehe ya kuwekwa, na tazama zilizoingia siku ileile matatizo yalipoanza. Wengi wanashangaa kukuta zimeingia tatu au nne kwa mkupuo, zikiwa zimefuatana na programu moja waliyoitaka. Ziondoe. Kisha ingia kwenye Windows Security uendeshe ile skani ya nje ya mfumo: kompyuta inajizima na kuwaka, inajikagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo kilichojificha hakipati nafasi ya kujitetea. Inachukua kama dakika 15. Rudisha intaneti, pakua zana mbili za kusaka programu mbaya, Malwarebytes na AdwCleaner, kutoka tovuti ya Malwarebytes wenyewe, si kwenye tangazo linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji.

Wadudu wengi huishia hapo. Wanaobaki wamejiwekea ratiba. Fungua taskschd.msc, utakuta kazi yenye jina la herufi zisizosomeka, imepangwa kukimbia kila saa ili kurudisha kile ulichofuta asubuhi. Bofya pia kwa kulia ikoni ya kivinjari, angalia sifa zake: kama baada ya chrome.exe kuna anwani ya tovuti imeongezwa, umempata anayekupeleka kwenye injini ile ya ajabu. Kwa anayejiamini, Autoruns ya Microsoft inaonyesha karibu kila kinachojiwasha, ila usizime usichokielewa. Hapo tuletee sisi. Mwisho ndiyo unafuta vidakuzi na kurudisha kivinjari kwenye hali ya mwanzo kupitia chrome://settings/reset. Ukianza na hatua hii, kama wengi wanavyofanya, utairudia kesho.

Nywila zibadilishe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, kamwe si kwa mashine inayosafishwa. Anza na barua pepe, kwa sababu aliye nayo anaweza kuomba nywila mpya za vingine vyote. Usiishie kubadilisha: tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, uvitoe, ili vidakuzi vilivyoibwa vife. Kama uliingia benki kwa kompyuta hiyo, wapigie benki siku hiyo hiyo.

Wateja wengi wanakuja wakisema, "Fundi, nipigie Windows tu," yaani tuifute yote na kuiweka upya. Tukikuta mwizi wa nywila, au programu inayomwezesha mtu kuitawala kompyuta akiwa mbali, hata sisi tunashauri hivyo. Lakini kupiga Windows kwa fleshi ile ile ya kukreki ni kurudisha ugonjwa kwa pesa yako mwenyewe, na sisi hatufanyi. Laptopu nyingi za mtumba zinakuja na leseni yake halali ndani ya ubao mama. Tunaisoma, tunaweka Windows kutoka tovuti ya Microsoft, inajiaktiveti. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo tutakuangalizia kama mashine yako inapokea Windows 11.

Tuna neno moja kwa anayehisi kwamba aliyemwekea programu ya kijasusi ni mtu wa nyumbani kwake. Usiifute kwa haraka. Ikizimika, aliyeiweka atajua, na wewe ndiye unayeishi naye. Tafuta kwanza ushauri kwa mtu unayemwamini ukitumia simu isiyo yako, au njoo dukani bila kompyuta tuzungumze faraghani.

Ukituletea mashine, njoo na chaja na diski ya nje kama unayo. Nywila za barua pepe na benki usituandikie kwenye karatasi. Hatuzihitaji, na fundi yeyote anayeziomba mwulize za nini. Kazi inafanyika mbele yako ukitaka kusubiri. Ukiiacha, picha na nyaraka zako hazifunguliwi. Tunanakili folda kama zilivyo, na nakala hiyo inafutwa ukishathibitisha kwamba kila kitu kipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana katika hilo, na tungefanya hivyo hata isingekuwepo.