Goti Waliliacha

Umoja Innercore, Nairobi

Baba Mwende, ndugu yangu,

Salamu zako zimefika, na asali pia. Asali wameila watoto. Mimi nimenusa kifuniko tu. Uliponiuliza kwa simu naendeleaje, nilikujibu "tunashukuru Mungu" kama tunavyojibu wote. Leo nataka nikujibu vizuri.

Unakumbuka buti za mpira tulizovaa kule soko la nyama la Burma? Kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya mahindi, kiliingia kwenye buti langu la kushoto asubuhi, nikakikanyaga mpaka jioni bila habari. Sukari ilikuwa imeshaua fahamu za nyayo, nami miaka yote nikijisifu kwamba miguu yangu imekomaa kwa kazi. Nikapaka dawa ya dukani. Wiki tatu baadaye kidole kilikuwa cheusi, na daktari akawa anazungumza na mke wangu badala yangu. Mimi niliyekata miguu ya ng'ombe miaka 15, nilijua kisu kitapita wapi. Hilo sikumwambia mtu pale wodini.

Daktari alirudia neno moja: goti tumeliacha, shukuru kwa goti. Nilimwona hana haya. Sasa namwelewa, maana mwenye goti hutembea na mguu wa bandia bila kuchoka kama aliyekatwa pajani. Na goti lina kazi nyingine, nitafika hapo.

Sasa sikia kichekesho. Mguu ulipokuwepo haukuniuma. Umeondoka, unaniuma. Saa nane za usiku kidole gumba kisichokuwepo kinachomwa kama kimewekwa juu ya jiko la makaa. Nilidhani ni mapepo, nikakemea mpaka alfajiri. Fizio, yule wa mazoezi ya viungo hospitalini, akaniambia si mapepo, ni ubongo unautafuta mguu wake. Akanionyesha mbinu ya daktari mmoja aliyeko Marekani, Ramachandran, ya miaka ya 1990: unasimamisha kioo katikati ya miguu, unautazama ule mzima ndani yake huku ukiuchezesha, na ubongo unadanganyika kwamba yote miwili ipo. Nikaangua kioo cha mke wangu ukutani. Akanikuta nachezesha vidole. "Baba Ndinda, unampungia nani?" Tulicheka mpaka tukalia, mara ya kwanza tangu hospitali. Maumivu hayajaisha, lakini yamepungua.

Kusahau ndiko kubaya. Mara tatu nimeshuka kitandani usiku kama zamani, nikajikuta sakafuni. Siku hizi magongo hulala pale pale ambapo mguu ungekanyaga. Ghorofa ya nne tulihama, tuko chini, karibu na tangi la maji na kelele zote za ploti.

Mguu wenyewe wa bandia asubuhi unabana, jioni unalegea, maana kigutu hunywea kadiri siku inavyokwenda. Kwa hiyo natembea na soksi za ziada mfukoni. Siku moja katika matatu, Jogoo Road, ilibidi niuvue niongeze soksi. Makanga akapiga bodi: "Dere, tulia, mzee anafunga mguu!" Gari zima likangoja. Nairobi hii, saa kumi na mbili jioni! Nilipolitoa kanisani kama ushuhuda, wengine waliona haujatosha.

Walitaka mwingine. Mhubiri mmoja mgeni aliniita mbele, akaninyang'anya magongo, akaniamuru nitembee kwa imani. Siku hiyo hata mguu wa bandia sikuwa nimevaa, kigutu kilikuwa kimechubuka. Nilishikilia meza ya Bwana nisianguke. Wiki mbili sikufungua Biblia, ndugu yangu. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie yeye au aliyemtuma.

Nilipoifungua nilimkuta Yakobo, Mwanzo 32, pale aliposhindana mweleka usiku kucha na yule aliyemgusa paja. Mwisho wa sura kuna jambo ambalo mtu wa bucha halipiti: kwamba wana wa Israeli hawali ule mshipa wa paja, kwa sababu ndipo alipoguswa. Mshipa ule naujua, nimeuchomoa mara nyingi. Alibarikiwa usiku ule ule, jua likamkuta anachechemea, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba aliacha.

Basi siku hizi siombi mguu. Asubuhi, kabla sijavaa bandia, nashuka na kupiga magoti, yote mawili, la kushoto juu ya mto, naongea Naye nikiwa mfupi hivyo. Kuna siku sina la kusema, nakaa tu. Kisha nachukua kioo kile kile nakagua wayo wa kulia, kila pembe, kama mkaguzi wa nyama kabla hajagonga muhuri.

Buchani nimerudi. Tajiri amenipa stuli ndefu karibu na mzani. Kazi ya kutundika nyama kwenye kulabu wanafanya vijana, na wanaifanya vibaya.

Sasa nikwambie kilichonitia kalamu mkononi. Mama Mwende amenidokezea kwamba sukari yako imepanda, na kwamba hata ukiwa peku unahisi kama umevaa soksi. Ndivyo nilivyoanza. Usiingie shambani peku. Kung'uta buti kabla ya kuvaa, kisha tia mkono ndani mpaka mwisho. Nenda kliniki wiki hii, usingoje mahindi yavunwe. Na ukija Disemba, viatu utavulia mlangoni kwangu. Kioo kipo.

Ni mimi,
Baba Ndinda